Nafasi Nane za Mbele

Chumba cha Mitambo, Hospitali
6 Februari

Mpwa wangu Chokonoa,

Natumaini uko salama, na kwamba ule mguu uliotegukia kwenye ngazi za kazini kwenu umeacha kulalamika. Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa. Sasa linavuja mahali pengine, ambapo angalau hakuna jiko. Jirani yetu mshona viatu ameoa tena, na aliyemuoa ni yule yule aliyemwacha. Dada yangu, yaani mama yako, ana mawe kwenye nyongo, daktari ameyaona kwenye picha. Atapasuliwa hapa hapa hospitalini kwetu tarehe 12 Mei. Anasema haogopi hata kidogo. Tangu jana amepanga upya kabati la vyombo mara mbili.

Sasa lililonishikisha kalamu. Unaijua mashine yangu, ile kompyuta ya kumbukumbu za wagonjwa ninayoilea mwaka wa kumi na tano huu. Wafadhili wametuletea kadi nne za kumbukumbu, kila moja megabaiti kumi na sita. Nimezipachika zote kwa mkono wangu. Hesabu ya darasa la pili inasema sitini na nne. Mashine inasema kumi na sita. Nimeizima, nikaiwasha, nikaiuliza tena kwa upole. Kumi na sita.

Ningevumilia, ila tuna mkuu mpya wa mitambo. Tunamwita Bwana Kwa-Mujibu, kwa sababu hawezi kuagiza hata chai bila kusema ni kwa mujibu wa nini. Alikuja na karatasi mkononi.

"Fundi, kwa mujibu wa hati ya mapokezi, zilikuja kadi nne."

"Zimo zote, bwana mkubwa. Nifungue uone?"

"Mimi sitazami vyuma, natazama skrini. Skrini inasema kumi na sita. Arobaini na nane ziko wapi?"

"Zimo ndani."

"Ndani ya nini? Ndani ya begi lako?"

Chokonoa, nastaafu Desemba. Nimekaa hapa miaka yote bila kuondoka hata na bisibisi. Huyu bwana anasema hatatia sahihi cheti changu cha utumishi mwema mpaka arobaini na nane zionekane. Wewe ndiwe uliyesomea haya mambo darasani. Mimi niliyasomea chini ya meza nikiwa na tochi mdomoni. Niambie: mashine inadanganya, au mimi ndiye niliyezeeka?

Mjomba wako

* * *

1 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mguu umepona, nashukuru. Chumba changu kipya kina dirisha linalotazama dirisha la mwenzangu, nasi tumekubaliana kwa ishara kupokezana pazia. Nimecheka habari za mshona viatu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Habari za Mama hazikunichekesha.

Mashine yako haidanganyi, Mjomba, na wewe hujazeeka. Tena shika kiti: jambo unaloniuliza ndilo kazi yangu ya miezi kumi na mmoja iliyopita. Niliposoma barua yako nilisimama katikati ya ofisi nikasema kwa sauti, "Huyu ni mjomba wangu!" Wenzangu wakadhani kuna mgeni mlangoni.

Iko hivi. Kila chumba cha kumbukumbu kina anwani. Anwani huandikwa kwa nafasi thelathini na mbili. Lakini kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayogawa vyumba na kujua nani anakaa wapi, kiliandikwa zamani, wakati hakuna aliyewahi kuota kumbukumbu kubwa. Kwa hiyo husoma nafasi ishirini na nne za nyuma tu. Nane za mbele hakizitazami kabisa, kama mtu asomaye jina lako bila cheo. Na nafasi ishirini na nne zinafika megabaiti kumi na sita, basi. Vyumba vingine vipo, vina milango na taa, ila hakuna anwani inayovifikia. Kazi yetu hapa ni kukifundisha kiini kusoma zote thelathini na mbili.

Tunakaribia kumaliza. Nikutumie diski? Bwana Kwa-Mujibu ataziona arobaini na nane zake kwenye skrini anayoipenda.

Na kuhusu Mama: wasisahau ile sindano. Nilikuwa na miaka tisa walipompiga penisilini kwa ajili ya kidonda cha mguu. Nakumbuka niliingia wodini nikakataa kumwamkia, nikidhani wamelaza mgeni kwenye kitanda chake. Macho hayakuwepo. Midomo ilikuwa ya mtu mwingine. Daktari alisema akipigwa tena hataamka. Tafadhali, Mjomba, mwambie kila atakayemgusa.

Nakusalimia kwa heshima,
Chokonoa wako

* * *

24 Machi

Mpwa wangu,

Nimepata yako juzi. Tumshukuru Mungu kwa mguu. Huku mama yako ameanza kugawa maagizo: nani amwagilie maua, nani asiguse redio. Nimepangiwa maua. Mke wa mshona viatu ameondoka tena, safari hii na viatu vya wateja.

Maelezo yako yameniingia vizuri, hata nimeona haya kidogo kwamba yananiingia mapema hivyo. Kuhusu diski, usijisumbue. Kumi na sita zinatosha. Wagonjwa wetu ni wale wale. Bwana Kwa-Mujibu nitamzoea kama nilivyomzoea mtangulizi wake, aliyekuwa anafuga njiwa kwenye stoo ya karatasi. Tena mabadiliko karibu na kustaafu hayana faida. Mtu hapaki rangi nyumba anayohama.

Kuhusu sindano ya mama yako, ondoa wasiwasi. Mashine inajua. Mimi mwenyewe niliiambia, na kila anayefungua jalada lake huona: PENISILINI HAPANA, kwa herufi kubwa. Haijakosea mtu hata mmoja tangu siku ya kwanza.

Naulizia tu, maana hapa chumbani hakuna mtu wa kuzungumza naye habari hizi. Hizo nafasi nane za mbele ambazo kiini hakikuwa kikizitazama: mkishazifungua, mnavifanya nini vilivyomo?

Naulizia tu.

Mjomba

* * *

15 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Habari za siku nyingi. Hapa mvua imeshika, na mwenzangu wa dirisha la pili amenunua pazia lake mwenyewe, kwa hiyo uhusiano wetu umekwisha bila ugomvi. Mama ameniandikia kadi yenye maneno matano, na mawili kati yake ni "usije". Nimeelewa kwamba anaogopa.

Umeniuliza vilivyomo kwenye nafasi nane za mbele. Swali zuri, na jibu ni fupi: hamna kitu. Takataka. Programu nyingi za zamani huacha humo masalia, kama mtu anavyoacha kisu kwenye droo ya nyumba ya kupanga.

Ila takataka hizo zilitusumbua. Kiini kipya kinasoma nafasi zote. Kikikuta kitu mbele kinadhani ni sehemu ya anwani, kinakwenda kugonga mlango usiokuwepo, na programu inaanguka. Wateja wangelia. Hapo ndipo nilipopata wazo langu, Mjomba, na nakuambia bila aibu kwamba msimamizi wangu alinipigia makofi mbele ya watu. Nimekifundisha kiini adabu. Programu ya zamani ikifungua jalada lolote, na anwani ya jalada hilo ikawa na takataka mbele, kiini kinazifagia, kinairudisha anwani safi mahali pake, na kazi inaendelea. Programu haijui hata kama imefagiliwa. Haianguki, hailalamiki. Nimeliita fagio.

Kwa hiyo hata programu yako ya enzi zile itatembea bila kujikwaa.

Nina jambo dogo la kukushangaza. Silisemi. Utaliona likifika.

Chokonoa

* * *

9 Mei
(Niliianza barua hii sikuimaliza. Naikunja ndani ya ile ya tarehe 21.)

Mpwa wangu,

Sina salamu leo, utanisamehe. Nilikuwa likizoni wiki mbili, nikimhudumia mama yako, na barua yako ya fagio imenisubiri mezani siku kadhaa. Nimeisoma sasa hivi nikiwa nimesimama. USITUME DISKI. Ukiwa umekwisha kuituma, niambie umempa nani. Hizo nafasi nane za mbele haziko tupu kwenye mashine yangu, na nilipaswa kukuambia tangu Machi badala ya kuulizia tu kama

* * *

10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naandika mbiombio.

Jana maktaba moja, mteja wetu, imepiga simu. Tangu waweke kiini chetu, programu yao inaazimisha vitabu visivyoruhusiwa kutoka. Kitabu cha miaka mia mbili kimeondoka kwenye mfuko wa plastiki na mtu ambaye hawamkumbuki. Nikachimba. Aliyeandika programu yao, marehemu sasa, alikuwa ameweka alama ya "kisiazimwe" kwenye nafasi nane za mbele za anwani, kwa sababu zilikuwa hazisomwi na yeye alikuwa anabana kila nukta ya kumbukumbu. Fagio langu limeifuta. Kitabu kikifunguliwa, alama inafagiliwa.

Jirani yangu wa meza akacheka. "Wazee wote walifanya hivyo. Hukujua?"

Sikujua. Nilikaa chini. Ndipo nikakumbuka swali lako.

Mjomba, kwa nini uliuliza?

Sasa nami nikiri. Barua yako ya kunikataza ilinikuta nimekwisha kufanya. Tarehe 5 Aprili nilimtumia diski Bwana Kwa-Mujibu mwenyewe, kwa bahasha ya ofisi, na barua nzuri ya kusema kadi zote nne zimo. Nilitaka akuombe radhi. Lilikuwa ndilo lile jambo dogo la kukushangaza.

Nimepiga simu hospitali mara sita. Mara nne laini imekatika. Mara ya tano wameniunganisha na chumba cha kufulia, mama mmoja akaniambia mashine anayoijua yeye ni ya kufua. Mara ya sita nimemwambia opereta: "Mwambieni fundi asiiamini mashine."

"Mashine gani, dada?"

"Yake."

Akasema ataandika. Sikusikia kalamu.

Leo ni tarehe 10. Barua hii itakufikia mwisho wa mwezi, na Mama anaingia tarehe 12. Najua hesabu hiyo. Naiandika hata hivyo kwa sababu sina kingine cha kufanya na mikono. Mwandikie Mama kwenye ngozi, Mjomba. Kwa wino, mkononi. PENISILINI HAPANA.

* * *

21 Mei

Mpwa wangu Chokonoa,

Mama yako yu hai. Nimeanza na hilo, salamu baadaye. Amepasuliwa tarehe 14, si 12, mawe yametoka manne na ameyaomba aende nayo nyumbani. Maua yamekufa. Hayo mengine soma taratibu.

Tarehe 9 nilikuwa nakuandikia pale Bwana Kwa-Mujibu alipoingia amebeba kikombe chake mwenyewe cha chai na akanipa mimi. Hilo peke yake lilinishtua. Akaniambia, "Fundi, nimekukosea. Sitini na nne!" Akanivuta mpaka kwenye skrini. Kweli, sitini na nne. Diski ilifika nikiwa likizoni. Aliiweka yeye mwenyewe tarehe 28 Aprili, kwa mujibu wa maelekezo yako, ambayo alisema yameandikwa vizuri sana. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita.

Na mimi, mpwa wangu, sikusema. Nilikunywa ile chai. Nilijiambia nitakirudisha kiini cha zamani Jumatatu kimyakimya, mambo yaishe bila mtu kujua. Nikafungua majalada mawili matatu kutazama, alama zipo. Nikapumua. Akili yangu haikufika kwamba alama hufutwa jalada linapofunguliwa: skrini huonyesha ilichokuta, kisha fagio hupita nyuma yake. Kwa hiyo mgonjwa aliyefunguliwa jalada mara moja tu alikuwa salama kwenye skrini, na wa mara ya pili, kama mama yako aliyekuja kwanza kwa vipimo, hana kitu. Yale niliyoyakagua niliyafuta mimi, kwa kuyakagua.

Jumatatu tarehe 12 kabla sijagusa kitu, nikaenda wodini kwanza kumsalimia dada. Alikuwa amekwisha kupewa dawa ya usingizi ya mwanzo, anaongea kama mtu aliyefunika mdomo kwa shuka. Sista akaja na sahani ya sindano na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mashine yangu.

"Mama, kuna dawa yoyote inayokukataa?"

Mama yako akainua kidole. "Sista, usinichoshe na maswali. Yote yamo kwenye mashine. Aliyaweka kaka yangu kwa mkono wake."

Sista akasoma karatasi. "Mzio, hakuna. Haya, mama, geuka kidogo."

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliposikia "hakuna" niliamini. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilijisemea, kumbe hana, afadhali. Mimi! Niliyekaa na dada yangu siku tatu amevimba mpaka hana macho! Karatasi ilitoka kwenye mashine yangu, na mashine yangu haijakosea mtu.

Halafu sista akaishika sindano kwenye mwanga, nikaiona ile rangi ya maziwa ya penisilini.

Nilipiga sahani teke. Nina miaka hamsini na tisa, sikujua mguu wangu unafika juu hivyo. Sista akapiga kelele, daktari akaja, mlinzi akaja, mlinzi akanishika. Mama yako akafungua jicho moja akasema, "Kaka, viatu vyako vichafu." Akalala.

Sasa lile ambalo sikukuambia. Alama ya kwanza niliyowahi kuiweka kwenye nafasi zile ilikuwa ya mama yako. Alipovimba, jalada lake lilikuwa la karatasi, na onyo lilikuwa limeandikwa, ila ukurasa ulikuwa umenyofoka. Nikaapa. Kompyuta ilipokuja nikajifunza usiku na mchana ili nimwekee mahali ambapo hapanyofoki. Kumbukumbu ilikuwa ndogo kama kiganja, na zile nafasi nane zilikuwa zimekaa bure mbele ya kila anwani. Dawa nane za hatari, nafasi nane. Zilinitosha kana kwamba zilikatwa kwa kipimo changu. Wakubwa wa hospitali wakanipa saa ya ukutani kwa zawadi. Sikumwambia mtu nilivyofanya, kwa sababu fundi akisema yote kesho anaonekana mzigo, na baadaye kwa sababu nilikuwa nimechelewa kusema. Ulipoandika kwamba mnafungua nafasi hizo nilielewa papo hapo. Nikachagua kuulizia tu.

Tulikuwa na kanda ya akiba, nakala ya majalada yote, ya Ijumaa ya kabla ya diski. Nimerudisha kiini cha zamani, nimerudisha alama zote, nimelinganisha. Ndani ya siku kumi na nne yalifunguliwa majalada ya watu wengi; waliopoteza alama ni ishirini na saba. Nimemweleza Bwana Kwa-Mujibu kila kitu. Akavua koti akasema, "Twende." Hakutaja mujibu wowote. Tumetembea nyumba kwa nyumba. Ishirini na sita tumewaona, wazima.

Wa ishirini na saba ni mpaka rangi. Tarehe 6 Mei alipewa vidonge vya penisilini vya siku kumi akameze nyumbani. Kwenye jalada ameandikisha nyumba namba 212. Nimeifika barabara hiyo mara tatu. Nyumba zinaishia 190, kuna ukuta.

Opereta alinipa ujumbe wako tarehe 14. Alikuwa ameuandika vizuri sana.

Mjomba

Na mimi mama yako naongeza hapa pembeni: ni mzima, nadai supu tu. Mjomba wako anasema kosa ni lake, usimkubalie. Na wewe usiseme ni lako, maana mkianza kugombania kosa nyie wawili hakuna atakayeosha vyombo.

* * *

12 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mguu wangu na dirisha langu, vyote vizima. Mama ni mzima. Nimeisoma barua yako mara nne, na kila nikifika kwenye sahani nashika meza.

Sitagombania kosa, Mama amekataza. Ila nataka ujue nililolifanya. Wewe ulificha kitu cha thamani mahali pasipotazamwa. Mimi nilikikuta, sikujua ni nini, nikakiita takataka, nikakifuta kwa adabu ili mtu yeyote asisikie. Programu yako ingeanguka siku ya kwanza, Mjomba, mngejua siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeizuia isianguke.

Nimelitoa fagio. Sasa kiini kikikuta kitu kwenye nafasi za mbele kinasimama na kusema nimekuta kitu hapa, aje mwenyewe. Msimamizi alisema wateja watakasirika. Nikamwambia ndivyo ninavyotaka. Tumewaandikia wote waliopewa diski, na barua nimezitia sahihi mimi. Hajanipigia makofi tena.

Yule mpaka rangi. Kila asubuhi nahesabu vidonge vya siku kumi, ambavyo vimekwisha siku nyingi. Niambie umempata. Kama umempata vibaya, niambie hivyo hivyo.

Chokonoa

* * *

4 Julai

Mpwa wangu,

Tunaendelea vizuri. Dada anatembea, ameyaweka mawe yake manne kwenye bakuli la sukari la wageni, na wageni wamepungua. Mshona viatu amerudiana na mkewe. Viatu vya wateja navyo vimerudi.

Yule mpaka rangi nilimpata tarehe 26 Mei. Ningeweza kukuandikia siku ile ile. Kalamu ilikataa.

Nilikwenda mara ya nne, nikasimama pale ukutani, nyumba namba 190 mkono wa kushoto. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo. Nikamuuliza, "Shemeji, hii barabara inaishia hapa?"

"Inaishia hapa kwa nani?"

"Ramani ya hospitali inaishia 190."

Akanitazama kama ninavyotazamwa siku hizi. "Barabara iliongezwa miaka sita iliyopita. Zunguka ukuta. Hiyo ramani yenu ya zamani ndiyo haifiki."

Nikazunguka. Zilikuwepo zote, 191 mpaka 240, zina milango na mapazia. Nilisimama kidogo, Chokonoa. Wewe peke yako unajua kwa nini.

212 ilikuwa ya kijani. Akafungua mwenyewe. Yu hai. Upande mmoja wa uso bado umeshuka kidogo, na anaongea kama mtu mwenye pipi mdomoni. Alimeza vidonge viwili tu. Cha kwanza midomo ikawasha, cha pili akaanguka jikoni, mke akamkimbiza zahanati ya nyuma ya ukuta wakamwahi. Tangu hapo alikuwa hajapanda ngazi kupaka rangi.

Nikamweleza mimi ni nani. Nilijiandaa kwa ngumi, nikavua miwani kabisa. Hakunipiga. Aliegemea mlango akasema taratibu, kwa sababu ya mdomo:

"Miaka tisa iliyopita niliwaambia dawa hii inanikataa. Nilisema dirishani, nikasema wodini. Mkaniambia, usiwe na shaka, tumeandika."

"Tuliandika."

"Nani amefuta?"

Nilikuwa na jibu refu, lenye kiini na anwani na nafasi thelathini na mbili. Nililifanyia mazoezi njia nzima. Nikasema, "Mimi na mpwa wangu."

"Huyo mpwa yuko wapi?"

"Mbali."

"Anajua kuandika?"

"Anajua sana."

"Basi aniandikie mimi. Si hospitali, mimi. Nataka nijue jina langu lilikaa wapi mpaka likafutika bila mtu kusikia."

Nastaafu Desemba. Bwana Kwa-Mujibu ametia sahihi cheti, lakini neno "mwema" nimelikata mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na yeye hakubisha. Sasa naandika alama zote kwenye jalada la kila mgonjwa, mahali pake pa halali, penye jina, ili atakayekuja baada yangu azione bila kuulizia. Nimefika herufi ya sita.

Nakuandikia anwani ya mpaka rangi hapa chini. Nimeandika na ukuta, na kwamba mtu azunguke. Ukinakili kwenye bahasha usiache hata nafasi moja.

Mjomba wako